Je, Wajua? Spika Ndogo ya Mezani Ina Mambo

Uko Kitale, Bungoma, Endebess au pale Kwanza kwenyewe, umetenga kona ya sebule iwe ofisi, laptopu iko mezani, na sasa unawaza kununua spika mbili ndogo. Kabla mkono haujaingia mfukoni, sogea hapa kwenye benchi nikumwagie maajabu.

Je, wajua kwamba spika ni mvivu kupindukia? Ukiipa umeme wa wati 100, unaogeuka sauti haufiki hata wati 1. Unaobaki wote unaishia kuwa joto ndani ya koili. Yaani unanunua pasi inayoimba kidogo!

Na wati hazihesabiki kama shilingi. Spika ya wati 20 haitoi kelele mara mbili ya ile ya wati 10. Tofauti yake utaisikia kwa taabu. Ili sikio liseme "sasa imeongezeka maradufu", wati lazima ziwe mara 10. Kutoka 10 hadi 100, ndugu yangu!

Shika na hii. Spika nyingi ndogo hutoa desibeli kama 85 kwa wati 1 tu, ukiwa mita 1 mbele yake. Mazungumzo ya kawaida ni desibeli 60 hivi. Kwa hiyo redio ikizungumza nawe taratibu ukiendelea na kazi, spika yako inatumia kama sehemu moja ya mia tatu ya wati 1. Haya, niambie zile 1,000 za nini?

Umewahi kuona boksi dukani limeandikwa PMPO na tarakimu za kutisha? Usishtuke, PMPO haina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda hujipimia kinavyotaka. Herufi za kutafuta ni RMS, maana hizo hueleza nguvu ambayo kifaa kinaweza kuihimili muda mrefu. Mara nyingi RMS huandikwa kwa herufi ndogo, nyuma kabisa, karibu na skrubu.

Tena sikiliza. Tundu la kawaida la USB 2.0 kwenye laptopu hutoa volti 5 na nusu ampia, ambayo ni wati 2.5. Basi! Spika inayokula umeme kupitia waya huo peke yake, kisha ikajitangaza kuwa ya wati 500, inakutania. Lakini nyingine zinazotumia wati hizo mbili na nusu kwa uaminifu husikika vizuri sana, kwa sababu umekaa karibu nazo.

Ukaribu ndio uchawi wenyewe. Ukisogea mbali na spika mara mbili, desibeli 6 zinapotea. Ukisogea mara nne, tuseme kutoka sentimita 70 za mezani hadi mita 2.8 za kochi, utahitaji nguvu mara 16 ili usikie vilevile, kama uko uwanja wazi usio na kuta. Wati 5 za mezani zinafanya kazi ya wati 80 za kochini. Kuta za sebule hupunguza pengo hilo, lakini bado aliyekaa mezani ana bahati.

Je, wajua kwamba BBC ilitengeneza spika yake ndogo kwa sababu ya gari? Miaka ya 1970 wahandisi wake walihitaji kitu cha kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo hata kukunja mguu ni shida. Wakabuni LS3/5A, yenye kimo cha sentimita 30 hivi. Kampuni kadhaa zikapewa leseni ya kuiunda, na mpaka leo kuna watu wanaoitafuta kwa udi na uvumba! Gari lile lilikuwa finyu kuliko kona yako ya Kitale, na bado lilitosha.

Kuna ndogo kuliko hiyo. Auratone 5C ni kijisanduku cha mraba chenye koni moja tu, hakina hata spika ya pili ya sauti nyembamba. Mafundi waliochanganya albamu ya Thriller ya Michael Jackson, ya mwaka 1982, walikuwa nayo mezani. Sababu? Wimbo ukipendeza kwenye kijisanduku hicho, utapendeza kwenye redio yoyote duniani.

Na Yamaha NS-10 je? Ilitoka 1978 kwa ajili ya sebule, wanunuzi wa majumbani hawakuipenda. Studio zikaiokota, na ile koni yake nyeupe ikaenea ulimwengu mzima. Wengine waliona sauti yake nyembamba inachoma, wakaitundikia karatasi ya chooni mbele. Sikudanganyi, karatasi ya chooni!

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson wa Marekani alihutubia zaidi ya watu 50,000 kwenye uwanja wa San Diego, akiwa ndani ya kibanda cha vioo, na vipaza sauti vikamfikisha hadi mwisho wa umati. Kabla ya hapo kiongozi alitegemea mapafu yake. Miaka sita baadaye, 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric wakaeleza spika yenye koni, koili na sumaku. Hiyo uliyoiona juzi dukani Bungoma? Ni ileile. Miaka 100 imepita na mpango haujabadilika.

Koni yenyewe mara nyingi ni karatasi. Wewe wa Webuye, mji wa kiwanda cha karatasi, chekelea! Kuna spika za bei ya kununulia ng'ombe kadhaa ambazo koni zake ni karatasi tupu, kwa kuwa ni nyepesi na hainung'uniki ovyo ikitikiswa. Muuzaji akikuambia karatasi ni dalili ya urahisi, tabasamu tu.

Kilichobadilika ni sumaku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Japani na Marekani walipata sumaku ya neodimia, inayoweza kuinua mamia ya mara ya uzito wake. Ndiyo maana spika ya simu yako inapenya kwenye kifaa chembamba kuliko kidole. Sumaku ya zamani ya nguvu hiyo ingehitaji mfuko wa koti.

Besi ndiyo inayotesa spika ndogo. Ukishuka noti nane chini, yaani mitetemo ikipungua nusu, koni lazima isogee mara nne zaidi ili kelele ibaki ileile. Ukishuka tena, mara 16. Sasa wajua kwa nini koni ya inchi 3 hufika mahali ikakata tamaa.

Lakini besi kiasi gani unaihitaji, kweli? Uzi mnene wa gitaa kavu unatetemeka mara 82 kwa sekunde, yaani hezi 82. Sauti ya mwanamume anayezungumza iko kwenye hezi 100 hivi. Spika ndogo inayofika hezi 70 imeshakupa mkutano, habari, na gitaa zima la omutibo wa Magharibi mwa Kenya. Linalokosekana ni gitaa la besi, ambalo noti yake ya chini kabisa ni hezi 41. Kama kazi yako ni kuchanganya rumba, hapo sawa, nenda katafute wufa.

Ajabu zaidi, ubongo wako hutengeneza besi ambayo haipo! Simu za waya zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 pekee. Sauti ya msingi ya mjomba wako, ile ya hezi 100, haikupita kabisa. Mbona ulimsikia ni mjomba, na sauti yake nzito kama kawaida? Ubongo ulisikia mitetemo ya juu, ukapiga hesabu, ukajazia ya chini wenyewe. Watengenezaji wa spika ndogo wanaujua mchezo huu na wanautumia kila siku.

Je, wajua kwamba sanduku dogo lililozibwa kabisa liliwahi kuwa habari kubwa? Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur aliuza spika iliyotumia hewa iliyofungiwa ndani kama springi ya koni. Kabla yake, aliyetaka besi ya maana alinunua sanduku la ukubwa wa kabati. Villchur akaliweka kwenye rafu ya vitabu.

Na lile tundu nyuma ya spika si la kutolea joto. Puliza mdomo wa chupa tupu ya soda: ule mvumo unaousikia ndio kazi ya tundu. Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza jambo hilo katika karne ya 19, na Albert Thuras wa Bell Labs akalitilia hataza kwenye spika miaka ya 1930. Ukiisukuma spika ya tundu la nyuma hadi ibusu ukuta, umeziba mdomo wa chupa. Iachie nafasi ya kiganja, angalau.

Kwa kuwa tumetaja chupa: wapiga gitaa wa omutibo wa Magharibi mwa Kenya, enzi za George Mukabi, walipata mdundo wao kwa kukwaruza chupa ya Fanta. Mlio huo uko juu, mwembamba, mkavu. Pigia wimbo wa namna hiyo dukani! Spika mbovu itaigeuza chupa kuwa mchanga unaomwagika.

Sasa tufuate mlio wa chini kabisa: panda nami Mlima Elgon. Kwenye pango la Kitum, linaloingia kama mita 200 ndani ya mlima, tembo huenda usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao. Tembo hao huzungumza kwa mngurumo ulio chini ya hezi 20, mwanzo wa masikio yetu. Mwaka 1984 mtafiti Katy Payne aliusikia kama mtetemo wa hewa mwilini mwake akiwa kwenye bustani ya wanyama huko Portland, Marekani, na baadaye watafiti wakausoma mngurumo huo hapa kwetu Amboseli. Unasafiri kilomita kadhaa. Wimbi moja tu la hezi 20 lina urefu wa mita 17, refu kuliko matatu mbili zikifuatana!

Kisha geukia upande wa pili. Wimbi la hezi 20,000 lina sentimita 1.7 tu. Kazi hiyo inafanywa na kikuba kidogo cha inchi 1 kilicho juu ya koni, kinachoweza kutikisika mara 20,000 kwa sekunde. Ukiona boksi linajisifu kufika hezi 40,000, hongera kwa popo. Wewe hutasikia kitu.

Tena huenda hata 20,000 zenyewe umeshazipoteza. Watu wengi waliovuka miaka 50 hawasikii zaidi ya hezi 12,000 hivi. Mwaka 2005 Howard Stapleton wa Wales alitengeneza king'ora cha hezi 17,400 kinachowakera vijana na kuwaacha wazee wakinywa chai kwa amani. Nunua spika kwa masikio uliyo nayo leo.

Na masikio hayo hayana vipuri. Kila sikio lina vinywele vya kusikia vipatavyo 15,000, na kikifa kimoja hakioti tena. Kuku je? Vya kuku huota upya! Ndiyo, yule jogoo unayemhesabia siku hadi wageni wafike ana masikio yanayojitengeneza, na wewe huna.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, basi. Ukipandisha hadi 90, saa zako zinashuka hadi 4. Saa 40, kumbe ni wiki nzima ya kazi mezani.

Upande wa chini nao unatisha kwa uzuri. Kwenye sauti hafifu kabisa unayoweza kusikia, ngoma ya sikio lako husogea chini ya upana wa atomu moja. Atomu!

Je, wajua kwamba sauti ya Mombasa ina haraka kuliko ya Kitale? Jioni ya Kitale yenye nyuzi 15, sauti huenda mita 340 kwa sekunde. Mchana wa Mombasa wenye nyuzi 30, huenda mita 349. Sababu ni joto peke yake. Hewa ya Kitale, mita 1,900 juu ya bahari, ina msukumo wa asilimia 80 tu ya ule wa pwani, na hilo halipunguzi mwendo hata kidogo.

Kutoka Kitale hadi Bungoma ni kilomita 70 hivi ukiruka kama kunguru. Sauti ingekuwa na nguvu ya kufika, ingechukua zaidi ya dakika 3. Wimbi la redio likitoka Nairobi moja kwa moja, kilomita 320 hivi, lingefika Kitale kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa muda huohuo, sauti iliyotoka kwenye spika yako imetembea sentimita 36. Nairobi imefika na sauti bado iko juu ya kibodi!

Kwa nini ununue spika mbili? Muulize Alan Blumlein. Mwingereza huyo alikerwa sinemani kuona mwigizaji yuko upande huu na sauti inatokea ule, akaandika hataza ya sauti ya pande mbili mwaka 1931, akiwa na miaka 28. Alifariki 1942 kwenye ajali ya ndege akijaribu rada, na muziki wa pande mbili ulianza kuuzwa kwa wingi baada ya yeye kuondoka.

Masikio yako mawili yanatambua tofauti ya muda ya sehemu 10 za milioni ya sekunde. Soma tena. Kwa hiyo spika moja ikiwa karibu nawe kwa sentimita 30 kuliko mwenzake, inatangulia kwa chini kidogo ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hiyo inatosha kuuvuta wimbo wote upande mmoja. Chukua futikamba. Kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi puani kwako, vipimo vitatu vilingane. Dakika moja ya kazi, na mwimbaji anasimama katikati, mahali pasipo na spika yoyote! Jaribu leo, kisha umwite jirani.

Halafu ziinue. Sauti nyembamba huenda mbele kwa mstari kama tochi, na spika iliyolala mezani inakumulikia tumbo. Vitabu viwili chini yake vinatosha, hata zile kamusi za shule. Meza tupu nayo huirudisha sauti juu, ikakufikia mara mbili kwa kupishana kidogo. Kuiinamisha spika nyuma kidogo, uso utazame masikio, husaidia zaidi ya waya wa bei ghali.

Waya, kwani nimetaja waya? Kwa urefu wa mita 1 au 2 mezani, waya wa kawaida mzima unatosha. Pesa iliyobaki nunua samosa.

Ukuta ulio karibu unaweza kuongeza besi kwa hadi desibeli 6, na kona yenye kuta mbili zaidi ya hapo. Bure, bila umeme! Ila huwa besi ya matope, kila neno linavaa gamboti. Spika ikivuma kupita kiasi, jaribu kwanza kuitoa kwenye kona.

Na zile trei za mayai zilizobandikwa ukutani, mtindo wa studio za mtaani? Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, lakini haziizuii sauti kutoka nje na besi haizitambui hata. Blanketi nzito, godoro lililoegemezwa ukutani na kabati la vitabu vinazishinda mbali. Mvua ya Kitale ikianza kupiga mabati, hapo hakuna dawa. Zima, chukua chai.

Unakumbuka ule mlio wa "dididi-dididi" kwenye spika kabla simu haijaita? Hiyo ilikuwa simu ya mtandao wa 2G ikirusha vipande vya mawimbi mara 217 kwa sekunde, na nyaya za spika zikivinasa kama antena. 4G hairushi kwa mtindo huo, ndiyo maana watoto wa siku hizi hawaujui. Ukiusikia leo, sogeza simu nusu mita.

Mvumo mwingine, ule mzito usiokwisha, huwa ni hezi 50 au 100. Umeme wa Kenya hubadilisha mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na ukipenya kwenye waya wa sauti unaimba hadi asubuhi. Chomeka laptopu na spika kwenye ekstenshoni moja, mara nyingi unakoma.

Bluetooth je? Inafaa kwa redio, lakini huweza kuchelewesha sauti kwa sehemu ya tano ya sekunde. Watazamaji huanza kugundua sauti imechelewa midomo ikifika milisekunde 125, ila sauti ikitangulia wanagundua kwenye 45 tu! Macho na masikio yamezoea kuchelewa: mtu akipasua kuni ng'ambo ya shamba la mahindi, mita 170 hivi, unaona shoka linatua na nusu sekunde baadaye ndipo unasikia. Kwa mikutano ya video na kuhariri picha, tumia waya.

Na Bluetooth, Wi-Fi nyingi na jiko la maikrowevu vyote viko kwenye gigahezi 2.4. Spika ikikatakata mtu akipasha ugali, usiilaumu.

Wimbo mmoja uliotesa wahandisi wa MP3 haukuwa na ala hata moja. Ulikuwa Tom's Diner wa Suzanne Vega, sauti ya mwanamke peke yake, na Mjerumani Karlheinz Brandenburg aliurudia mara nyingi mno akirekebisha kazi yake. Sauti tupu ya mtu haina pa kufichia kasoro. Redio ya FM nayo huishia hezi 15,000, na hujawahi kulalamika.

Je, wajua kwamba besi hujificha ukipunguza sauti? Harvey Fletcher na Wilden Munson walilipima jambo hilo mwaka 1933: sikio hupenda sana hezi 2,000 hadi 5,000, na sauti ikishuka, besi ndiyo ya kwanza kutoweka. Kwa hiyo dukani, muuzaji akipandisha kidogo tu sauti ya spika aipendayo, utaona ina besi tamu kuliko nyingine. Mwambie alinganishe kelele zote kwanza. Atakuangalia vibaya. Mwache aangalie.

Na usiku, kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinataka makazi yasivuke desibeli 35. Hiyo iko karibu na mnong'ono! Wufa la jirani yako halijui kusoma.

Sasa uko dukani. Anza na sauti ya mtu, si muziki. BBC walipima spika zao kwa kuzilinganisha na mtu halisi akizungumza. Weka taarifa ya habari. Kama "s" na "f" zinachanganyika, achana nayo, maana herufi hizo hukaa kwenye mitetemo ya juu na ndizo zitakazokuponza kwenye mkutano ama ukinakili mahojiano ya mteja wa ng'ambo.

Kisha weka isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho iliyoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo: baba, mama na mtoto. Spika nzuri inakupa familia yote mezani. Mbovu inampoteza baba na kumfanya mtoto apige kelele. Ukimaliza, weka litungu la Wabukusu na usikilize kama unaweza kufuata uzi mmoja kati ya nyuzi zake.

Spika ya mtumba kutoka Ulaya? Bonyeza taratibu ile pete laini inayozunguka koni. Ya sponji huoza baada ya miaka kama 15 au 20 na kubaki unga kidoleni. Ya mpira hudumu zaidi. Gonga sanduku kwa kifundo cha kidole. Likijibu kwa mlio mfupi, mzito, poa. Likiitika kama debe, litaitikia kila wimbo maisha yako yote.

Je, wajua kwamba spika ni maikrofoni? Ongea mbele ya koni, itatikisika na kutoa umeme kidogo. Mwaka 1966 fundi Geoff Emerick alisimamisha spika mbele ya amplifaya ya gitaa la besi la Paul McCartney, akarekodi Paperback Writer ya Beatles kwa njia hiyo. Wakubwa wa studio hawakufurahi, lakini besi ilitoka nene kweli.

Na ya mwisho, ya bure kabisa. Kama spika zako ni za kuunganisha kwa nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na moja umeibadilishia, koni moja husukuma wakati nyingine inavuta. Besi za pande mbili zinauana hewani! Watu wengi wamenunua wufa ili kutibu ugonjwa huo. Inuka, chungulia nyuma ya spika zako: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi?